Wimbo Mmoja, Majina ya Wapinzani

Leo tunaongea juu ya Indépendance Cha Cha.

Januari 1960 wanasiasa wetu walikuwa Brussels, kwenye Meza ya Duara na Wabelgiji. Joseph Kabasele alikuwako na African Jazz, pamoja na Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz, orkestra shindani. Tarehe ya uhuru ilipokubaliwa, 30 Juni, wimbo ukatungwa, Docteur Nico akapiga gita, ukarekodiwa hukohuko.

Sikilizeni maneno yake ya Kilingala. Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe: wote wanatajwa kwenye sahani moja. Mimi niliyesoma sheria, nimekaa mikutano mingi ya kugawa mashamba na kurudisha watu vijijini. Ni mara chache nimesikia majina ya pande zote yakisomwa hivyo.

Lakini 11 Julai Tshombe akaitenga Katanga. Agosti, Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini. Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Sahani ingali ikichezwa.

Miaka 50 hivi baadaye Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliurudia wimbo kwa maneno mapya, akaupa jina la Kiswahili: Siku ya Baadaye.