Mashine ya Randa na Vidole Ilivyokula

Kuna utani wa mafundi wa mbao: ukitaka kujua seremala ana miaka mingapi kazini, usimuulize, hesabu vidole vyake. Watu hucheka. Mimi niliacha kucheka nilipoanza kusoma historia ya mashine moja tu, ile ya kunyoosha mbao, kwa sababu kila nikifungua ukurasa nakuta kidole.

Najua kuna wasee wameshaanza kupiga miayo. Ati historia ya randa? Tulieni kidogo. Kama kwenu mko na meza, kitanda ama mlango wa mbao, kuna uwezekano mkubwa hiyo mashine imepita hapo. Na mimi niko na maoni kuihusu, kwa hivyo vumilieni.

Tuanze na shida yenyewe. Mbao ikitoka kwa msumeno haijanyooka. Imepinda, imejinyonga, katikati iko na bonde. Ukiweka mbili pamoja ili uzigundishe unaona mwanga ukipita. Dawa ya zamani ni randa ya mkono, na ni ya zamani kweli: kule Pompeii, mji wa Warumi uliofunikwa na volkano mwaka 79, zilifukuliwa randa ambazo fundi wa leo angezitambua bila kuelezwa. Lakini randa fupi ina tabia mbaya. Inafuata mabonde na vilima vya mbao vile matatu inafuata mashimo ya barabara: inashuka, inapanda, na mwishowe mbao ni laini lakini bado imepinda. Ndio maana mafundi waliunda randa ndefu, ya sentimita 60 hivi au zaidi. Ule urefu unailaza juu ya vilima, kisu kinakula vilima peke yake mpaka vilingane na mabonde.

Sasa chukua hiyo randa ndefu, ipindue tumbo liangalie juu, ifunge isisonge, halafu badala ya kusukuma randa sukuma mbao. Weka visu vinavyozunguka kwa nguvu ya moto au stima. Basi. Mashine yenyewe ni hiyo. Meza ya kuingizia, visu katikati, meza ya kutokea.

Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza ukiuliza ni nani alitarajiwa kusimama hapo akisukuma.

Samuel Bentham alikuwa mhandisi Mwingereza aliyekaa miaka mingi akifanya kazi Urusi. Kaka yake ni Jeremy Bentham, yule mwanafalsafa mnayesoma jina lake chuoni. Mwaka 1791 Samuel alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kupiga randa kwa mashine. Hiyo ya kwanza ilikuwa bado inaenda mbele na nyuma kama mkono wa fundi. Mwaka 1793 akasajili nyingine pana kabisa, iliyogusa karibu kila kazi ya mbao, na visu vya kuzunguka vikiwemo. Mashine za majaribio zilijengwa nyumbani kwa Jeremy, London. Na mnajua zilikuwa za nani? Wafungwa. Jeremy alikuwa anapigia debe gereza lake la Panopticon, jengo la duara ambalo mlinzi mmoja akikaa katikati anaweza kumwona kila mtu. Wafungwa hawakuwa mafundi, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kuwafundisha useremala miaka saba. Kwa hivyo ujuzi ukatolewa kwa mkono wa mtu ukawekwa ndani ya chuma.

Lile gereza halikujengwa. Wazo ndilo lilibaki. Samuel alipata cheo cha kusimamia kazi za ujenzi za jeshi la majini, na chini yake, bandarini Portsmouth, zikasimikwa mashine zilizobuniwa na Marc Brunel na kutengenezwa na Henry Maudslay. Hazikuwa za randa, zilikuwa za kutengeneza kapi, zile roda za kupitishia kamba za tanga, na jeshi lilihitaji karibu 100,000 kila mwaka. Wanaume 10 wakawa wanafanya kazi ya 110. Hesabu hiyo inatajwa kila mahali kwa fahari. Wale 100 wengine hawatajwi walienda wapi.

Upande wa randa, Joseph Bramah alipata hataza yake mwaka 1802, na Marekani, mwaka 1828, William Woodworth akapata ya visu vilivyofungwa kwa silinda pamoja na rola za kuvuta mbao. Hataza ya Woodworth iliongezwa muda mara mbili hadi 1856, na kwa miaka hiyo yote wenye viwanda vya mbao walilipa ama wakapelekana kortini. Iko na stori yake ndefu, siku nyingine.

Kitu kinachonihusu hapa ni zile rola. Rola zikivuta mbao iliyopinda zinaikandamiza mpaka inalala sawa, visu vinapita juu, mbao inatokea upande wa pili, inaachiliwa, na maze, inarudi kupinda vile ilikuwa! Sasa ni mbao iliyopinda lakini laini. Ndio maana mpaka leo kuna mashine mbili: ya rola inayosawazisha unene, na hii nyingine ambayo lazima itangulie, inayonyoosha. Ya kunyoosha haitaki kukandamizwa. Inataka mguso mwepesi, mtu anayehisi mbao ikicheza na kujua lini alegeze. Yaani inataka mkono. Mkono ukabaki pale, sentimita chache kutoka kwa visu, kwa sababu ya kiufundi kabisa.

Na visu vilikuwa vya kutisha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 kichwa cha visu kilikuwa chuma cha pembe nne, visu vimefungwa kwa bolti ubavuni. Fikiria mche wa mraba ukizunguka kwa kasi. Kona ikipita iko juu, ubavu ukipita kuna pengo kubwa kati yake na ukingo wa meza. Mkono ukiteleza haukatwi ukaachwa. Unaingia kwa lile pengo na kona inayofuata inaukuta humo. Watu hawakupoteza ncha ya kidole, walipoteza mkono.

Suluhisho halikuhitaji mtu genius: fanya kichwa kiwe cha duara, visu vichomoze kidogo tu, milimita moja hivi. Pengo linapotea. Ukiteleza utaumia, lakini chuma hakina nafasi ya kukumeza. Vichwa vya duara vilienea mwanzoni mwa karne ya 20, na mimi sidhani ni kwa sababu wenye viwanda waliamka siku moja wakiwa na huruma. Ni miaka ileile sheria za fidia zilikuwa zinaingia Marekani, jimbo la Wisconsin likianza mwaka 1911. Kidole kikapata bei, na mwenye kiwanda ndiye wa kuilipa. Uingereza ilisubiri hadi 1922 ndipo kanuni za mashine za mbao zikasema wazi: hakuna kupiga randa kwa kusukuma na mkono bila kichwa cha duara. Kutoka hataza ya Bentham ya 1793 hadi hapo ni miaka 129.

Nairobi nayo? Kanuni za mashine za mbao tulikuwa nazo 1959, kabla hata ya Uhuru. Mwaka 2007 zikaja sheria mbili, moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia, na hii ya fidia iko na jedwali linalopima ulemavu kwa asilimia, kidole kwa kidole, pingili kwa pingili. Kwa karatasi tuko sawa. Lakini fidia inamtaka mtu awe na mwajiri. Jamaa wa jua kali anayepiga mbao za wateja kwa bei ya futi, mashine ya kukodi, amelala njaa kama hakuna kazi, mwajiri wake ni nani?

Nilienda karakana moja Eastlands kuuliza. Mashine zilikuwa tatu, moja imechomelewa hapahapa mtaani, na tusiidharau, imenyooka. Kichwa ni cha duara kwa zote tatu. Kifuniko cha visu kilikuwa kwa moja tu. Fundi aliyekubali kunionyesha kazi ni mzee, nitamwita Mzee tu kwa sababu hakutaka jina lake mtandaoni, na vidole vyake vyote viko. Nilihesabu, ndio.

Kitu cha kwanza Mzee alifanya ni kuchomoa plagi ukutani. Si kuzima swichi, kuchomoa. Halafu akachukua kijiti kilichonyooka, akakilaza kwa meza ya kutokea mpaka kikafika juu ya visu, akakitia alama ya penseli pale ukingo wa meza unaishia. Akazungusha kichwa kwa mkono polepole. Kisu kikakibeba kijiti mbele kidogo kikakiachilia. Akapima: milimita tatu hivi. "Hiyo ni sawa," akasema. Kikibebwa zaidi, kisu kiko juu sana. Kisipoguswa, kisu kiko chini. Akarudia kwa kila kisu, mwisho wa kushoto na wa kulia.

Unaona ni vitu vidogo, lakini hapo ndipo usafi wote wa kazi uko. Meza ya kutokea lazima iwe sawa kabisa na kilele cha visu. Ikiwa chini, mbao ikimaliza meza ya kuingizia inadondokea visu na mwisho wake unachimbika. Ikiwa juu, mbao inanyanyuliwa kadiri inavyoendelea: mwanzo unaliwa, mwisho hauguswi, na unabaki na kabari. Meza ya kuingizia ndiyo inashushwa kidogo, na huo mshuko ndio unene wa mkato. Mzee hapitishi milimita moja.

Visu navyo lazima vilingane. Piga hesabu: visu vitatu, mizunguko 5,000 kwa dakika, ni mikato 15,000. Ukisukuma mbao mita tano kwa dakika, kila mkato uko theluthi ya milimita kutoka kwa mwenzake, jicho halioni. Kisu kimoja kikiwa juu kuliko vingine, hicho ndicho kinamalizia peke yake, alama zinakuwa milimita nzima mbalimbali, na mteja anapitisha kidole anasema mbao iko na mawimbi.

Mbao akailaza bonde likiangalia chini, isimame kwa ncha zake mbili bila kucheza. Akaangalia nyuzi ubavuni ili visu vizilaze, visizinyofoe. Akaanza kusukuma, na mbao ilipovuka visu akahamisha mkono wa kushoto upande wa kutokea, akibonyeza huko. Mkono haukupita juu ya visu ukiwa umebonyeza, hata mara moja. Mbao fupi chini ya sentimita 30 alikataa kabisa, ingawa mteja alikuwa amesimama pale akilalamika.

Ujanja mmoja niliupenda sana. Ukipiga kingo za mbao mbili za kugundisha, moja iangalie ukuta wa mashine, nyingine iangalie nje. Ule ukuta ukiwa umekosea nyuzi moja, ukingo mmoja unatoka nyuzi 89 na mwingine 91, na zikikutana zinafanya 180. Meza inatoka bapa hata kama mashine imedanganya.

Nilimuuliza kwa nini zile mashine mbili hazina kifuniko. Akasema vijana wanavitoa kwa sababu vinachelewesha, na malipo ni kwa futi. Hakusema ni wajinga. Na hapa ndipo mimi natofautiana na wale huandika "mafundi wetu wafunzwe usalama." Vijana wanajua. Wanaona vidole vya wenzao kila siku. Wanapiga hesabu ileile ya wale wenye viwanda kabla ya 1911: kidole hakina bei, futi iko na bei. Tofauti ni kwamba hapa anayepiga hesabu na anayekatwa ni mtu mmoja. Na mimi na wewe tuko ndani yake, tukisimama pale tukiuliza, "Buda, bado?" na tukienda kwa jirani kwa sababu ni nafuu shilingi chache kwa futi.

Mzee ana vijiti viwili vya kusukumia mbao nyembamba, alivyovikata kutoka kwa vipande vya kutupwa. Kimoja kimeliwa mwishoni na visu, kama nusu pingili hivi. Nikamuuliza mbona hakitupi. Akasema bado ni kirefu.