Sinia Lisilo na Nyama

Nyumbani kwetu Tanga, mgeni alipokuja ilikuwa sharti kionekane kipande cha nyama sahanini, au walau samaki. Ndiyo maana siisahau siku ile mjomba alipotufikia bila taarifa, na mama akaandaa sinia la tambi zilizoungwa kwa nyanya, kitunguu saumu na mchicha, basi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nikauliza kwa sauti, mbele ya mgeni, "Mama, leo kitoweo hakuna?" Mama hakujibu. Mjomba alikula, akashukuru, akaenda zake. Aibu ilikuwa yangu, lakini mimi nikadhani ni ya mama.

Miaka mingi baadaye, niliposoma historia ya vyakula, niligundua kuwa sinia lile lilikuwa na ukoo mrefu.

Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu alichomwandikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicilia. Humo anautaja mji wa Trabia, karibu na Palermo, uliokuwa na vinu vingi. Huko zilitengenezwa tambi kwa wingi, zikapakiwa merikebuni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo pia. Aliziita kwa jina la Kiarabu, itriya. Unga wa ngano ukishakandwa na kukaushwa barabara hauharibiki upesi, na ndiyo sababu tambi ziliweza kuvuka bahari.

Hata hivyo, kwa muda mrefu tambi hazikuwa chakula cha kila siku cha wanyonge wa Napoli. Watu wa mji huo walijulikana kwa jina la "wala majani", kwa vile walishibia kabichi na nyama. Katika karne ya 17, chini ya utawala wa Wahispania, mji ulifurika watu na nyama ikawa haishikiki kwa bei. Wakati huohuo, mitambo ya kukandia na kukamulia unga ilishusha bei ya tambi. Basi jina likabadilika, wakawa "wala makaroni". Walizila barabarani, kwa mkono, zimenyunyiziwa jibini tu. Nyanya, mgeni kutoka mabara ya Amerika, ilizoeleka sufuriani humo baadaye sana, katika karne ya 19.

Kwa hiyo, msomaji, mlo wa tambi usio na nyama haukuletwa na wataalamu wa hali ya hewa. Uliletwa na uhitaji. Wataalamu wamekuja nyuma. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazosababishwa na binadamu. Sehemu kubwa inatokana na ng'ombe, ambaye kila anapocheua hutoa gesi ya methani.

Lakini tusiusifu ufukara. Maskini wa Napoli hakuacha nyama kwa hiari yake, wala mama hakuacha. Anayekula nyama mara moja kwa mwezi hana deni hapa. Somo ni letu sisi tuliojaliwa kiasi, ambao tukikosa nyama siku mbili twaona tumedhulumiwa.

Na liko jambo la moto. Mama alipikia jiko la mafuta ya taa, na mafuta yalikuwa ya kupimiwa kwa kibaba. Maji yakishachemka alitia tambi, akakoroga, akangoja kidogo, kisha akazishusha tambi za jiko mpaka moto ukafa. Akafunika sufuria kwa mfuniko mzito, naye akaenda kuswali. Akirudi, zimeiva. Mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda Ulaya kwa sababu ya vita vya Ukraine, Giorgio Parisi, mwanafizikia wa Italia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alisambaza shauri hilohilo: chemsha, tia tambi, ngoja dakika mbili, zima moto, funika. Baadhi ya wapishi wa kwao walimbeza. Mimi nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikatika. Mama hakuwapo tena nimsomee habari ile.

Mwaka jana mjomba alinitembelea. Sasa ni mzee, anatembea na mkongojo. Nyama ilikuwapo nyumbani, nikaiacha. Nikakaanga kitunguu saumu, nikatia nyanya mpaka zikarojeka, nikaongeza mchicha, nikazima moto mapema na kufunika. Nilimtengea bila kuomba radhi, ila mkono wangu ulitetemeka kidogo.

Alikula kimya mpaka sinia likaonekana chini. Akanawa, akaniangalia.

"Hizi ni za dada yangu," akasema.

Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba. Ni zake." Nilichelewa kwa miaka arobaini, lakini angalau nililitamka mbele ya mgeni yuleyule.