Picha Iko Ukutani, Mkataba Uko Wapi?

Ruge Mutahaba alifariki tarehe 26 Februari 2019 huko Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa figo. Huku Kitui wengi wetu hatungemtambua hata akipita steji. Lakini kama ulikulia hapa miaka ya 2000, ukapanda matatu za Mwingi ama ukanyolewa pale Kalundu, ulisikia bongo fleva hadi ukaikariri, bila kuuliza ni nani walioisukuma ikafika hapa. Ruge alikuwa mmoja wao. Yeye na Joseph Kusaga ndio walioijenga Clouds Media Group ya Dar es Salaam: redio, televisheni na matamasha.

Mwanzilishi akifa, kuna swali ambalo hufuata jeneza hadi kaburini, kisha hurudi na waombolezaji. Je, kampuni iendelee kufuata mawazo yake, ama ijiamulie? Mimi nasema afuatwe. Ila si kwa njia ambayo wakubwa wa kampuni hupenda.

Tuanze na kile Ruge alichoacha. Clouds ilianza kama disko kabla ya kuwa redio mwaka 1999. Kabla ya mwongo wa 1990, redio Tanzania ilikuwa ya serikali, na kijana wa mtaani aliyerap kwa Kiswahili hakuwa na pa kusikika. Stesheni za watu binafsi zilipofunguliwa, Clouds ikawa ya hao vijana. Mwaka 2005 ikaja Tanzania House of Talent, THT kwa kifupi, mahali pa kumfunza kijana kuimba, kucheza na kupiga ala. Barnaba, Linah na Mwasiti walipitia pale. Tamasha la Fiesta likazungusha mastaa mikoani. Kisha kukawa na Fursa, kampeni ya kuwaambia vijana kwamba mlango upo, waubishe.

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia Clouds akiwa na walinzi wenye silaha. Ruge alisimama hadharani akaeleza kilichotokea. Waziri wa habari, Nape Nnauye, akaunda kamati ya kuchunguza, na tarehe 23 mwezi huohuo akaondolewa kwenye wizara. Hapo unaona kusimama kulikuwa na bei.

Ila kuna upande mwingine. Sugu, msanii aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alikwaruzana na Clouds mchana kweupe. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Lady Jaydee. Malalamiko ya wasanii, ukiyachuja, yalikuwa mamoja: redio ikiwa na nguvu hivyo, anayefungua mlango ndiye pia anayeufunga. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba mtu akiniambia tufuate mawazo ya Ruge, lazima nimuulize, ya Ruge yupi? Wa THT, wa ule usiku wa Machi, ama yule ambaye wasanii wengine walimwona kama bawabu?

Kuna kampuni iliyolipitia swali hili miaka mingi kabla ya Clouds kuzaliwa, na matokeo tunayo. Walt Disney alifariki tarehe 15 Desemba 1966. Kakake Roy, aliyekuwa akijiandaa kustaafu, akabaki kazini hadi bustani ya Walt Disney World ikafunguliwa Florida mnamo Oktoba 1971. Desemba hiyo naye akafa. Waliobaki wakawa wanaingia mikutanoni na swali moja: Walt angefanya nini? Linasikika kama heshima, si ndiyo? Lakini filamu zikapoa. Mwaka 1979 Don Bluth na kundi la wachoraji wakaondoka pamoja. Kufikia 1984 matajiri walikuwa wanataka kuinunua kampuni waikatekate vipande, ndipo Michael Eisner na Frank Wells wakaletwa kuiokoa.

Shida ilikuwa wapi? Walt mwenyewe hakuwahi kuuliza marehemu angefanya nini. Mwaka 1928 alitoa katuni yenye sauti, 1937 akatoa katuni ndefu ya sinema wakati watu walidhani amechizi, 1955 akafungua bustani ya burudani. Warithi waliiga ladha yake wakaacha uthubutu wake. Na huyohuyo Walt, wachoraji wake walipogoma mwaka 1941 wakidai haki ya kuwa na chama, alipambana nao vikali. Kwa hivyo huko pia ungeuliza, Walt yupi?

Lakini kuna wazo moja la Walt lililoishi, na halikuishi ofisini. Mwaka 1961 alisaidia kuanzisha chuo cha sanaa cha CalArts, California. Miaka ya 1970 madarasani humo walikaa John Lasseter, Brad Bird na Tim Burton. Mwingine aliyesomea hapo, Rob Minkoff, alikuja kuwa mmoja wa waongozaji wawili wa The Lion King ya 1994, ile iliyotufundisha kumwita kila simba Simba, kana kwamba hatukuwa tukifanya hivyo. Wazo lililowekwa darasani lilifika mbali kuliko lile lililowekwa kwenye kiti cha bosi. THT ni wazo la aina hiyohiyo.

Sasa turudi nyumbani. Kwa Kikamba, anayetunga na kuongoza wathi huitwa ngui. Kikundi hujulikana kwa jina la ngui wake, na tumeendelea hivyo hadi kwenye benga. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliuza rekodi nchi nzima, sana kwa sababu waliimba pia kwa Kiswahili, si Kikamba peke yake. Kakai alipofariki mwaka 1987, bendi haikupata tena nguvu ile. Nyimbo zake bado zinapigwa kwa baa na kwa harusi, sauti iko, ila hakuna nyumba aliyoiacha ambayo kijana wa leo anaweza kubisha hodi aseme, nifunzeni kupiga gitaa hivi. Disney walibanwa na kivuli cha mwanzilishi. Sisi, ngui akienda, hatubaki hata na cha kubishania.

Na pale kinapobaki, angalia kinachorithiwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimekula kwa kuandika. Kwa muda niliandikia kampuni moja ya hafla huku Ukambani matangazo na maneno ya MC. Jina naliacha. Picha ya mzee aliyeianzisha ilikuwa pale mapokezi, kubwa, na maua ya plastiki. Wacheza ngoma wa zamani waliniambia mzee alikuwa na sheria mbili. Moja, kila mtu alipwe usiku uleule kabla gari halijaondoka. Mbili, hakuna makaratasi, neno lake latosha.

Warithi wake wameshika ile ya pili. Ukiomba mkataba unaambiwa, "Mzee hakuwa mtu wa makaratasi, sisi ni familia." Ukiuliza doo, unaambiwa usubiri mwisho wa mwezi, halafu mwezi ujao, halafu simu haishikwi. Mwanadada mmoja aliyecheza nasi hafla tatu alilipwa moja. Neno la mzee lilitosha kwa sababu pesa ilifuata usiku huohuo. Ukitoa pesa ukabakisha neno, umemrithi mzee kweli, ama umejifunika koti lake tu?

Hapo ndipo naona jibu. Maiti hawezi kukataa kutumiwa. Kila bosi atachagua kile kipande cha marehemu kinachompendeza, aweke picha ukutani, aseme anaheshimu misingi. Kwa hivyo mawazo ya mwanzilishi yasiachwe mikononi mwa warithi peke yao. Yageuzwe kuwa vitu ambavyo mtu wa nje anaweza kuvishika: shule yenye mlango wazi, mkataba wenye tarehe ya malipo, mgao wa mirabaha ulioandikwa. Kama Ruge aliamini katika fursa, basi kipimo chake hakiko Clouds juu kwenye mikutano. Kipimo ni huyo msanii wa kwanza kabisa, asiyemjua mtu, anayefika getini na flashi mkononi. Je, anasikilizwa? Na wimbo ukipigwa, analipwa?

Basi wewe dijei, mcheza ngoma, mwandishi kama mimi, siku utakapoambiwa kwamba marehemu angetaka hivi, usibishane kuhusu marehemu. Uliza tu imeandikwa wapi, na ni nani wa kumshtaki isipofuatwa.