Nani Hulipa Vita? Hesabu kutoka Umatengo na Ufuko wa Ziwa Nyasa

Ziwa Nyasa limewahi kubeba meli mbili zilizoundwa kwa nia njema. Ya kwanza, Hermann von Wissmann, ilishushwa majini mwaka 1893 kutokana na michango iliyokusanywa Ujerumani kwa ajili ya kupambana na biashara ya watumwa. Ya pili, Chauncy Maples, ya mwaka 1901, ilikuwa mali ya misheni ya Kianglikana ya UMCA yenye makao kisiwani Likoma. Ilikusudiwa kuwa shule, zahanati na kanisa linaloelea. Tarehe 13 Agosti 1914 boti ya kivita ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades na hakuwa hata amepata habari kwamba mataifa yao yanapigana. Inasemekana alipiga makasia kuifuata Guendolen akiwa amefura kwa hasira, akitaka kujua kama mwenzake amelewa. Chauncy Maples nayo haikusalimika: ilichukuliwa ikatumika vitani.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na Waingereza hupenda kukitaja kuwa ushindi wao wa kwanza wa majini katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi kicheko chenyewe hunishinda. Kinachonishughulisha ni jinsi mali ya rehema ilivyogeuka mali ya vita kwa siku chache, bila mchangiaji hata mmoja kuulizwa. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Bajeti ya vita huonyesha kile ambacho serikali imetoa hazina, lakini sehemu kubwa ya bei hailipwi kwa fedha. Hulipwa kwa chakula, kwa migongo ya watu, kwa udongo na kwa kuaminiana. Hulipwa baadaye, mbali na uwanja wa mapigano, na watu ambao hawakuwapo wakati wa kuamua. Mbinga, katika nchi ya Wamatengo kusini mwa Tanzania, na ufuko wa ziwa ulio jirani nayo ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu pamelipia vita vya aina zote: vya majirani, vya wakoloni, vya haki kabisa, na nusura vya mafuta.

Tuanze na risiti iliyo kongwe kuliko zote, ambayo mgeni huiona tangu anapopanda milima ya Umatengo bila kujua kuwa ni risiti. Ni ngoro. Miteremko mikali imejaa mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo unachimbwa katikati na kufukia nyasi zile, ili mvua ituame shimoni badala ya kuporomosha shamba. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza nyasi, wanawake huchimba na kufukia. Maharage hupandwa, kisha mahindi, na ardhi hiyo yenye mwinamo wa kutisha huzaa miaka nenda rudi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani wameisifu sana, na inastahili kusifiwa. Ila sifa hizo huruka swali moja: kwa nini watu wenye akili hiyo walijibana kwenye miteremko wakati bonde lilikuwa wazi?

Jibu linalotolewa na wazee na wanahistoria ni lilelile. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia upande wa Songea na kuanzisha dola zilizoishi kwa uvamizi, na Wamatengo wakakimbilia milimani wakabanana huko. Ngoro ilikuwa njia ya kulisha watu wengi kwenye kipande kidogo cha mlima. Sisemi haya ili kuwashtaki Wangoni, maana nao walikuwa wamesukumwa kutoka kusini ya mbali na vita vya Wazulu. Nasema kwamba mapigano yale yalikwisha zaidi ya karne moja iliyopita, na hadi leo mwanamke wa Umatengo anayalipia kwa jembe kila msimu. Methali yetu husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika milima hii nyasi hazikuumia tu, zilifanyishwa kazi.

Vita vya Maji Maji vinatupa ushahidi wa aina nyingine, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tunaweza kulinganisha vitabu viwili vya hesabu. Mwezi Desemba 1906 Bunge la Ujerumani lilivunjwa baada ya wabunge kukataa nyongeza ya marki milioni 29 kwa ajili ya vita vya Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo. Uchaguzi mzima wa Januari 1907 ulipiganwa juu ya gharama za makoloni. Kwa hiyo wakoloni walijua kuhesabu, na walihesabu kwa ukali. Mwaka huohuo wa 1906, tarehe 27 Februari, mjini Songea walinyongwa makumi ya viongozi na wapiganaji kwa siku moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebaki na jina lake, aliuawa vivyo hivyo. Kisha jeshi la Gavana Götzen likatumia silaha isiyogharimu marki nyingi: kuchoma mazao shambani na ghalani, kuchukua mbegu, na kuwazuia watu wasilime. Maofisa wa Kijerumani waliandika waziwazi kwamba risasi peke yake haitamaliza kazi, njaa ndiyo itakayowasalimisha.

Wazungu waliokufa kwenye vita hivyo walikuwa 15. Kwa Waafrika, makadirio ya upande wa Wajerumani yalifika watu 75,000, na Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa na maradhi baada ya bunduki kunyamaza. Tofauti kati ya makadirio hayo ndiyo hoja yangu. Marki 29,000,000 zilijulikana hadi ya mwisho. Lakini kwa watu, hata upungufu wa laki mbili haukuvuruga kitabu cha mtu.

Vita vya kwanza vya dunia nitavipita haraka, ingawa vilipita hapa mara mbili. Septemba 1916 Waingereza waliitwaa Songea, na mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck alivuka tena Ruvuma akitokea Msumbiji, akapita Ungoni akila alichokikuta njiani, hadi akasalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba. Kila jeshi lilitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Ng'ambo ya ziwa waliitwa tengatenga, na kwa upande wa Waingereza pekee wapagazi waliokufa Afrika Mashariki wanahesabiwa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, homa na utapiamlo. John Chilembwe wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliuliza mapema, mwaka 1914, kwa nini Mwafrika afe katika ugomvi usiomhusu. Januari 1915 aliasi, akauawa. Swali lake halijapata jibu la kiserikali mpaka sasa.

Msomaji anaweza kupinga: hivyo vyote vilikuwa vita vya watu wengine, vya wavamizi na wakoloni, na taifa huru linaloamua lenyewe kupigana ni habari nyingine. Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalonipeleka Kagera.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo la kaskazini ya mto Kagera ni la Uganda. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe walisombwa. Kesho yake Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga. Sioni namna ya kuukosoa uamuzi huo. Jeshi lilikuzwa kwa kuingiza mgambo hadi kupita watu 150,000, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kama kuna vita vya haki katika historia ya Afrika huru, hivi ni miongoni mwake, licha ya lawama ambazo Tanzania ilipewa kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) huko Monrovia Julai ya mwaka ule.

Lakini haki ya vita haiwapi wananchi punguzo la bei. Gharama inayotajwa sana ni dola za Marekani milioni 500, na Tanzania ililipa karibu yote peke yake. Zilitoka wapi? Nchi haikuwa na mafuta wala dhahabu ya maana wakati ule. Ilikuwa na kahawa, pamba, katani, korosho. Kahawa ndiyo iliyoongoza kwa kuingiza fedha za kigeni, na bei yake, iliyopanda kupita kiasi baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa inashuka. Mkulima wa Mbinga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kyaka huko Kagera, alivuna, akaosha, akaanika, akapeleka kwa Mamlaka ya Kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha kumsemea hakikuwapo, kwa sababu vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1976. Dola za kahawa yake zikanunua risasi na mafuta ya magari ya jeshi, na yeye akabaki na shilingi zisizopata kitu cha kununua. Sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya taa, doti ya khanga: kila kimoja kilikuwa na foleni yake, na mara nyingi foleni bila bidhaa.

Lazima niwe mkweli hapa. Vita havikuleta dhiki ile peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ya petroli ilipaa mwaka 1979, na uendeshaji wa vijiji na mashirika ya umma ulikuwa na kasoro zake ambazo hazikuletwa na Amin. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mikanda. Miezi ikapita, mikanda ikaongezwa matundu. Anayesema vita vya Kagera viliuangusha uchumi wetu anatia chumvi. Anayesema havikuuvunja mgongo uchumi uliokuwa tayari unachechemea naye hajawahi kuhojiana na mtu aliyekuwa na watoto mwaka 1981.

Gharama ya kimaadili ya vita hivyo hutafutwa Uganda, kwenye uporaji ulioandamana na ushindi, na ni kweli upo wa kutafutwa huko. Mimi naiona nyumbani. Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi na Bunge likapitisha sheria yake. Walanguzi wakubwa walikamatwa, lakini pia mtu aliyeficha katoni ya sabuni chini ya kitanda alijikuta anaitwa adui wa taifa. Miaka minne baada ya kushinda, dola iliyokuwa imewapongeza wananchi kwa kujitoa iliwapekua majumbani kwao ikitafuta sukari. Kuaminiana kulikolipia ushindi kulikuwa kumekwisha, na hakuna mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, hata ule wa 1986, ulioweza kukununua.

Kwa mizani hiyo ndipo turudi ziwani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa, na Malawi huushikilia. Tanzania hushikilia mstari wa katikati ya maji, kama ule ambao Ureno na Uingereza walikubaliana mwaka 1954 kwa upande wa Msumbiji. Ugomvi ulilipuka kati ya Nyerere na Rais Banda wa Malawi mwaka 1967, ukalala, ukaamshwa na leseni za utafutaji mafuta zilizotolewa na Malawi mwaka 2011. Agosti 2012 Edward Lowassa, akiwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya mambo ya nje, ulinzi na usalama, alisema jeshi letu liko tayari iwapo italazimu. Rais Kikwete akapoza, suala likaenda kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano.

Naamini Tanzania ina hoja nzito kisheria na nzito zaidi kiakili. Mpaka wa ufukoni maana yake mama wa Liuli akichota ndoo ya maji amevuka nchi, na ziwa likijaa, kama linavyofanya mara kwa mara, Malawi inaingia uani kwake. Lakini uzito wa hoja haujibu swali la nani atalipa tukiitetea kwa mizinga. Kagera tulivamiwa. Huku tunagombea kilichodhaniwa kuwa chini ya maji, wakati kilicho juu ya maji kinajulikana: usipa unaoanikwa mchangani kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, ndoa na makaburi yaliyogawanyika kati ya ufuko huu na Likoma, mizigo ya Nkhata Bay, na barabara ya lami ya takriban kilomita 67 inayoshuka kutoka Mbinga, ambayo faida yake yote inategemea kuwapo kwa mteja ng'ambo. Kwa jadi, katika ukoo wa Kimatengo wazee waliketi kwenye sengu, wakala pamoja chakula kilichotoka katika kila nyumba, na hapohapo wakaamua mambo ya ukoo. Aliyeamua alikula kutoka kwenye chungu cha atakayelipa. Kamati za ulinzi hazikai hivyo, na sijui kama zinaweza. Ila swali la chungu linaweza kuulizwa hata Dodoma.

Mkataba huohuo wa 1890, katika kifungu cha sita, uliruhusu mipaka irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali husika. Ni maneno machache, yaliyoandikwa na watu ambao hawakumwona mwenyeji hata mmoja. Wanasheria wetu hutumia muda mwingi kwenye kifungu cha kwanza. Ningependa siku moja timu ya Chissano, au itakayoirithi, iketi Mbamba Bay asubuhi wakati mitumbwi inarudi, na kuanzia hapo, kwenye kifungu cha sita, kwa kuuliza bei ya debe la usipa na linaenda kuuzwa wapi.