Saa za Kujitolea: Nani Anazihesabu?



Kuna swali linalorudi kila tukikutana. Ukifundisha watoto kusoma, ukitafsiri kwenye foleni ya kuandikisha wakimbizi, ukichotea wazee maji, je, saa hizo zitakusaidia kuingia chuo? Wengine wanasema ndiyo kabisa, vyuo vya Marekani vinazitaka. Wengine wanasema ni kupoteza muda, bora ukauze ndagaa. Tumeona tujibu kwa historia, maana swali hili halikuanza na sisi.

Kwenye ufuko huu kazi ya bure ina majina mengi. Watu wa ng'ambo, Uvira, Baraka na Fizi, wanakumbuka salongo ya Mobutu miaka ya 1970: unaitwa, unaenda, hulipwi. Huku Burundi tuna ibikorwa rusangi, kila Jumamosi asubuhi. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilipofutwa, watoto walifurika, na madarasa mengi yalijengwa kwa mikono ya wananchi kwenye Jumamosi hizo. Faida inaonekana kwa macho. Lakini hakuna aliyeandikiwa saa zake. Na ukifika mlangoni mwa chuo kikuu cha serikali, kinachoulizwa ni mtihani wa taifa. Kongo ni vilevile: wanaangalia asilimia yako ya Exetat, basi.

Kumbe kuna nchi moja ya jirani iliyojaribu kufanya huduma kuwa ufunguo wa chuo kikuu. Ni Tanzania.

Mwaka 1972, mauaji yalipowaka, wazee wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia huko. Walipelekwa Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo, wakafyeka pori na kulima. Wakati huo wenyeji wao walikuwa tayari wanabishana juu ya swali letu hili hili. Mwaka 1966 serikali ya Nyerere iliamua kwamba wahitimu wa chuo na wa kidato cha sita lazima watumike miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee 40% tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga. Nyerere aliwafukuza karibu 400, warudi kwao. Ila siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa 20%. Yaani hakudai kwa wengine asichokubali kutoa yeye.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Sasa alama za mtihani peke yake hazikutosha. Ukimaliza kidato cha sita na jeshi la kujenga taifa, ufanye kazi angalau miaka miwili, kisha mwajiri wako na tawi la chama wakuandikie kwamba una tabia njema. Ndipo uombe chuo kikuu. Nia ilikuwa nzuri: msomi awajue watu atakaowatumikia. Matokeo je? Wasichana walianza kupungua chuoni. Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na aliyetoka masomoni ilikuwa vigumu kurudi. Haikupita miaka mingi, wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja bila kusubiri.

Sisi hapo tunasoma mambo mawili. La kwanza, huduma ikigeuzwa sharti, inawaumiza kwanza wale wenye mzigo mkubwa nyumbani. La pili, anayeshika kalamu ya kukuandikia ndiye anayeshika mlango.

Sasa twende Marekani na Kanada, kwa kuwa huko ndiko ndoto za wengi zinaelekea. Ni kweli kuna sehemu saa zinahesabiwa. Jimbo la Maryland linadai mwanafunzi atimize saa 75 za huduma ndipo apate diploma ya sekondari. Ontario inadai 40. Lakini hayo ni masharti ya kumaliza sekondari, siyo ya kuingia chuo. Kwenye fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, unaandika shughuli zisizozidi 10, na kwa kila moja saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Hakuna namba ya kufikisha. Na sikilizeni vizuri hapa, hasa dada zetu: fomu hiyo ina nafasi ya majukumu ya familia. Kulea wadogo zako wakati mama yuko sokoni kunaandikwa. Usiache wazi ukidhani si kitu.

Tusidanganyane lakini. Saa 500 hazifuti alama mbaya. Mwaka 2019, kwa hesabu za UNHCR, ni 3% tu ya vijana wakimbizi waliokuwa elimu ya juu, na lengo ni kufika 15% mwaka 2030. Ufadhili kama DAFI, ulioanza 1992, bado unaangalia vyeti vya shule. Kwa hiyo anayekuita kujitolea kila siku saa za masomo, mwambie kwa heshima kwamba utakuja jioni.

Tatizo letu kubwa ni karatasi. Mwaka 2025, fedha za misaada zilipokatwa, ofisi nyingi zilifungwa ghafla duniani kote. Msimamizi akiondoka, anaondoka na ushahidi wako. Miaka miwili ya kufundisha inabaki maneno mdomoni.

Wazee waliorudi kutoka Tanzania kuanzia 2008, wengine wakipewa makazi Mutambara, wanajua hili. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili, wakafika hapa wakakuta shule ni Kirundi na Kifaransa. Elimu walikuwa nayo, ila ilibidi waanze kuieleza upya.

Ndiyo maana tunapendekeza hivi. Nunua daftari moja. Andika tarehe, kazi, saa ulizofanya, na umsaidie nani. Wiki isiishe bila sahihi ya msimamizi. Barua ya mwisho iombwe kwa Kifaransa na Kiingereza. Piga picha kila ukurasa, umtumie mtu unayemwamini, maana daftari linalowa na simu inaibiwa. Usiongeze saa hata moja ya uongo, kwa sababu mmoja akikamatwa, barua zetu sote zitatiliwa shaka.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, tunawaomba kitu kisichohitaji bajeti: sahihi. Wekeni mapema, kabla mkataba wenu haujaisha. Motisha mnayotupa inaisha sokoni siku hiyo hiyo, ila barua yenye jina, tarehe na saa inaweza kuvuka ziwa na bahari.

Mwenye daftari tayari, aje nalo kikao kijacho tulipitie pamoja. Asiye na daftari, aje hivyo hivyo. Tutaanzia na wiki hii.