Gari la Ndoto Lilipita, Peugeot Ikabaki

Wasee, leo siongelei siasa wala nani kaachana na nani. Leo ni ndinga. Na si ndinga ya kawaida: gari la michezo la viti viwili, paa linafunguka, injini imekaa nyuma ya mgongo wako kama abiria wa tatu. Nalitaka, sitaficha. Nimelitaka tangu nikiwa shule ya msingi hapa Voi, nikisimama kando ya barabara kuu kuangalia magari ya transit yakitoka bandarini Mombasa, moja nyuma ya lingine, yakielekea Malaba. Mengi yalikuwa Probox, Fielder na Noah. Lakini mara moja moja kilipita kitu kimelala chini, paa la kitambaa, na sisi watoto tulipiga mbinja mpaka kikapotea upande wa Tsavo.

Sasa nina akiba. Si kubwa, lakini ipo. Mamangu anajua ipo, na anajua pia kwamba pesa hiyo hiyo inaweza kunirudisha chuo nilichoacha. Kwa hivyo kwangu hili swali si la mchezo. Kabla sijaamua, nimeamua kwanza kusoma historia. Si ya wafalme. Historia ya magari ya kifahari yaliyowahi kupita hapa kwetu, na kilichotokea baada ya kupita.

Rolls-Royce ambazo hazikuja harusini

Najua hii hukuambiwa shuleni. Rolls-Royce zilifika Taita Taveta zaidi ya miaka 100 iliyopita. Agosti 1914 Wajerumani wa Tanganyika waliteka Taveta. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea mpakani ili wapeleke wanajeshi, maji na risasi. Pamoja na jeshi hilo yakaja magari ya deraya ya Rolls-Royce: gari lile lile la matajiri wa London, ila limevishwa mabamba ya chuma na kuwekwa bunduki ya rashasha juu.

Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Walirudishwa nyuma. Taveta ilirudi mikononi mwa Waingereza mwezi uliofuata, lakini kazi kubwa ya vita hivyo haikufanywa na gari la kifahari. Ilifanywa na watu wetu, wapagazi waliobeba mizigo kichwani kwa maelfu, wale ambao jina la kikosi chao limebaki kwenye mitaa ya Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam.

Vita vilipoisha Rolls-Royce zikaenda zao. Sisi tukabaki na reli na makaburi ya wanajeshi pale Voi, Maktau na Taveta. Hiyo ni mara ya kwanza. Weka akilini.

Simba aliyenunua mtumba

Mwaka 1953 kulianzishwa mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa: wewe unaendesha kwa kasi, mbele yako kuna lori, mbuzi na mzee wa baiskeli. Njia ya kwenda Pwani ilipita kwetu, na vilima vya Taita vilikuwa kati ya sehemu ambazo madereva walizijua kwa kona na matope. Ukimpata mzee yeyote wa Mwatate au Bura wa umri unaofaa, muulize. Atakuacha ukimeza mate.

Mtu wa kwanza ninayetaka umjue ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, na Wakenya walimwita Simba. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Volvo hiyo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda, ikachoka, ikauzwa. Joginder, ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa nyota, akaichukua, akaijua kila nati, akazipiku timu zilizokuja na magari mapya ya kiwandani.

Yaani ushindi mmoja mkubwa zaidi wa Mkenya kwenye Safari ulitoka kwa gari la mitumba. Ukiambiwa mtumba ni wa watu waliokosa, mwambie huyo mtu atafute 1965.

Stratos dhidi ya matatu

Sasa tufike kwa injini ya katikati. Kwa ambao hawajui: kwenye gari la kawaida injini iko mbele. Kwenye gari la injini ya katikati, iko nyuma ya viti lakini mbele ya ekseli ya nyuma. Uzito mkubwa unakaa karibu na kiuno cha gari, kwa hivyo linakata kona kama swala. Ubaya wake ni kwamba likianza kuteleza, linazunguka haraka pia, na fundi akitaka kuifikia injini lazima ajikunje kama anatafuta sarafu chini ya kochi.

Lancia Stratos ndiyo ilikuwa mfalme wa magari hayo. Waitalia waliiunda kwa ajili ya rali, wakaiwekea injini ya V6 ya Ferrari Dino nyuma ya dereva. Iliipa Lancia ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976, mara tatu mfululizo. Paa lake halikufunguka, lakini kwa kila kitu kingine hilo ndilo gari la ndoto lenyewe.

Mwaka 1975 Lancia walileta Stratos kwenye Safari, na madereva wawili wa moto: Sandro Munari na Björn Waldegård. Zilikuwa na kasi ya kutisha. Zikamaliza nafasi ya pili na ya tatu. Aliyeshinda ni Ove Andersson, ndani ya Peugeot 504.

Simama hapo kidogo. Peugeot 504! Lile gari lililokuwa likiunganishwa hapa hapa Kenya, ambalo toleo lake la nyuma ndefu lilibeba abiria, magunia na kuku kwa miaka na miaka kote nchini. Gari ambalo babu yako huenda alipanda akienda hospitali ndilo lililoishinda Ferrari iliyojificha ndani ya Lancia.

Waitalia hawakukata tamaa. Walirudi 1976, na Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer, Mitsubishi wakichukua nafasi zote tatu za kwanza. Walirudi 1977, Munari akawa wa tatu, na Waldegård, ambaye alikuwa amehamia Ford, akashinda kwa Escort yenye injini mbele. Miaka ya 1980 zikaja Lancia 037 na Peugeot 205 T16, zote injini katikati, zote mashine za ajabu. Hazikushinda pia. Hadi leo hakuna gari la injini ya katikati lililowahi kushinda Safari Rally. Hata moja.

Tatizo halikuwa kasi. Safari haikuwa mbio za kasi pekee, ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, mashimo na maji. Pale mshindi ni yule ambaye gari lake linavumilia, na likivunjika linarudi barabarani upesi. Stratos ilikuja na fundi wake, spea zake na mpango wake, ikaondoka navyo vyote. Peugeot ilikuwa na binamu zake kila kijiji.

Baada ya 2002 Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia, na iliporudi 2021 ilifanyika Naivasha. Sisi siku hizi tunatembelewa na Safari Classic tu, ile ya magari ya zamani. Yanakuja, tunapiga picha, yanaenda. Umeanza kuona mchoro?

Sheria, kodi na kile unachoweza kununua kweli

Miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa, na kuagiza gari kutoka nje kulikuwa kazi ngumu. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ya Japani ikaanza kumiminika, na barabara yetu ikawa mto wa magari. Kisha kiwango cha KEBS cha mwaka 2000, KS 1515, kikaweka ukuta: gari unaloagiza lisizidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Ukiagiza 2026, maana yake ni 2019 kuja mbele.

Sasa pitisha ndoto yako kwenye chujio hilo.

Toyota MR-S, ile ndogo ya paa la kitambaa, ilitengenezwa 1999 hadi 2007. Huwezi kuiagiza tena. Utapata tu iliyoingia zamani, yenye namba za Kenya. Porsche Boxster ziko, lakini hata iliyozeeka bado inataka kutunzwa kwa bei ya Porsche. Kukuu iliyoshuka bei inakuuzia usukani tu, bili zinakuja baadaye. Na zile za zamani, za kabla ya 2009, zina sifa mbaya ya beringi moja ndani ya injini ambayo ikivunjika inaua injini nzima.

Inabaki Honda S660. Hii ndiyo imeninyima usingizi. Ilitengenezwa 2015 hadi 2022, kwa hivyo za miaka ya mwisho bado zinapita kwenye sheria. Viti viwili, injini katikati, cc 658 tu pamoja na tabo, nguvu za farasi 64. Paa unalikunja kwa mkono kama mkeka na kuliweka kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti. Ukishaliweka, hakuna mahali pa kuweka hata mkungu wa ndizi za Wundanyi.

Injini ni ndogo, lakini ushuru hauoni huruma. Tuseme KRA wameipa thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000, kwa mfano tu. Ushuru wa forodha wa 35% unaifikisha 1,350,000. Ushuru wa bidhaa wa 20%, ambao ndio wa injini zisizozidi cc 1500, unaifikisha 1,620,000. VAT ya 16% juu yake, uko 1,879,200. Hapo hujalipa tozo za uagizaji na za reli, wala bandari, wala bima. Karibu unanunua gari mara mbili, moja lako na lingine la serikali.

Halafu siku moja unashuka kutoka Wundanyi, jua zuri, paa wazi, unagonga jiwe pale karibu na Mwatate. Nani Voi ana spea ya S660? Hakuna. Utaagiza Japani na kungoja, gari likiwa juu ya mawe, watoto wakiandika majina yao kwenye vumbi la kioo.

Binamu wa MR-S

Lakini angalia MR-S tena. Injini yake ni 1ZZ, cc 1800. Unajua mahali pengine ilipo injini hiyo? Premio, Allion na Wish za cc 1800 za miaka ya mwanzo wa 2000. Yaani fundi yeyote wa hapa aliyewahi kufungua Wish ameshaifahamu injini ya MR-S. Itabidi ajikunje kuifikia, sawa, na MR-S za mwanzo zina ugonjwa wao wa kula oili, kwa hivyo unaangalia moshi kabla hujaangalia rangi. Mwili wake bado utasumbua: taa, paa, bampa. Lakini moyo una binamu hapa.

Hapo ndipo historia imenifikisha. Rolls-Royce, Stratos, 205: yote yalikuja na watu wao, yakaondoka na watu wao. Volvo ya Joginder na Peugeot ya abiria zilibaki kwa sababu kulikuwa na mikono hapa iliyozijua. Gari ambalo hakuna mtu wa kwenu anayeweza kulitengeneza si lako. Umeliazima tu mpaka siku litakapoharibika.

Kuna mtu atasema gari la viti viwili ni ujinga mahali kama petu, nunua Probox, piga kazi. Namwelewa, na pengine ana haki. Ila sikubali kwamba vitu vizuri ni vya kupita tu kwetu, na kazi yetu ni kusimama kando kupiga mbinja. Nataka angalau moja lisimame hapa, lichafuke vumbi letu jekundu, na likiharibika lipone hapa hapa.

Kwa hivyo nimefuta S660 kwenye orodha. Sinunui kwa picha za mtandaoni, siagizi kitu. Natafuta MR-S yenye namba za Kenya, na nikiipata, anayeitazama kwanza si mimi. Ni fundi. Nimejiwekea mwisho pia: ikizidi nusu ya akiba, naiacha iende. Nusu ya pili ina jina lingine, na nyote mnalijua.

Wewe ungefanyaje? Niambie ukweli, si ule wa kuonyesha wazazi.

Mamangu ameniuliza tena jana nimeamua nini. Nimemwambia bado nasoma. Akacheka, akaniuliza nasoma chuo gani.