Mzinga wa Manowari Königsberg

Mzinga huu, wenye kipenyo cha sentimita 10.5, ni mmoja wa mizinga 10 ya manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo mabaharia wake waliizamisha wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915, nayo mizinga ikaopolewa, ikatiwa magurudumu na kukabidhiwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck.

Huyo, aliyezaliwa 1870, akaanza Vita vya Kwanza vya Dunia kwa cheo cha luteni kanali na kuwashinda Waingereza huko Tanga Novemba 1914, ndiye jemadari anayesifiwa vitabuni; bali waliokokota chuma hiki kizito kwa kamba, matopeni na porini, ni askari na wapagazi Waafrika, ambao maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na taabu, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akafariki Hamburg 1964.